Jina la Marehemu kwenye Cheti cha Annick

Godelive alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na nasema hivyo kwa sababu siku hizi watu wa kanisani wanamsimulia kama jini. Alitoka Ngozi, Burundi, akafika Durban mwaka 2008, akapata kazi ya kushona mapazia katika kiwanda kimoja Mobeni. Tuliishi gorofa moja Umbilo, chumba chake na changu vikitenganishwa na ukuta wa mbao. Alipenda kucheka, na kwa sabuni alikuwa mchoyo.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kosa letu sisi wakimbizi. Alikutana na Fabien, Mrundi mwenzetu. Mkewe Fabien, Aurélie Niyonkuru, alikuwa amekufa kwa homa njiani mwaka 2007. Fabien alipofika huku alimwandikisha vilevile kwenye faili lake la ukimbizi, akasema mke anakuja nyuma. Nafasi kwenye faili haitupwi. Atapatikana wa kuijaza. Basi akampeleka Godelive kwenye ofisi ya wakimbizi. Karani akaita, "Aurélie Niyonkuru." Fabien akamgusa kiwiko, Godelive akaitika.

Jioni ile nilimkaripia. Mimi nimelelewa kwamba jina la maiti huliitikii hata kwa mzaha.

"Eish, dada Ernestina, ni papier tu, karatasi," akanijibu. "Maiti iko na kazi gani nayo?"

Kiwandani akawa Aurélie. Benki, Aurélie. Annick alipozaliwa mwaka 2009, cheti kikaandika mama ni Aurélie. Ndoa haikuwepo, hata kreti moja ya Fanta ya mahari haikupelekwa kwao Ngozi. Mwanzoni tulitaniana naye kwa hilo jina. Kisha nikawa namwita Godelive kupitia ukutani, namsikia anaosha vyombo, naye haitiki. Nikimwita kwa lile jingine, mlango unafunguliwa papo hapo. Nikaacha utani.

Mwaka 2014 Fabien alipata kazi Cape Town, akataka kuondoka na mtoto. Godelive alikataa katakata. Annick alikuwa na miaka mitano, na mama yule hakuwa na kingine duniani. Lakini Fabien ni mjanja asiye na haya, sitamsitiri. Alikwenda ustawi wa jamii na barua ya mchungaji aliyemzika Aurélie. Akasema mama aliyeandikwa kwenye cheti amekufa, na huyu anayejiita hivyo ni mwanamke tu aliyejibandika jina la marehemu. Kwa hiyo mtoto ni wake peke yake.

Mimi niliitwa kutafsiri. Ndani ya teksi tulikubaliana kwamba Godelive atasema ukweli wote, atataja jina lake, ataomba kipimo cha damu. Karatasi zingepotea, lakini mtoto angebaki.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Fabien alikaa mkabala nasi, Annick sakafuni akichora. Ofisa, mama mmoja mpole, akauliza, nami nikatafsiri: "Wewe ni nani hasa? Nieleze ulivyosafiri kuja nchi hii."

Kiswahili cha Godelive kilikuwa cha kukanyagana, tulizoea kumcheka. Kilichotoka kinywani mwake siku ile kilikuwa laini, cha watu wa Rumonge kando ya ziwa. Rumonge ndiko alikozaliwa Aurélie.

"Tulilala chini ya lori la saruji," alisema, akimtazama Fabien. "Nikasema nina baridi, ukanifunika koti lako. Nikaomba maji, ukasema yako mbali. Yalikuwa karibu, Fabien. Uliogopa lori litakuacha."

Nilitafsiri neno kwa neno.

"Halafu?" aliuliza ofisa.

"Halafu akanivua viatu, kabla sijamaliza kufa."

Hilo sikulitafsiri. Nilisema tu kwamba mama amechoka. Sikuwahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa rafiki yangu pale kitini. Fabien alisimama, jasho linamtiririka, akasema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba barua ni ya uongo, kwamba huyu ni mkewe kweli, mtoto abaki kwa mama yake. Akatia saini. Jioni hiyohiyo alipanda basi la Cape Town, na hajapiga simu mpaka leo.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Annick alibaki. Nikajiambia labda Fabien huweweseka usingizini, na Godelive aliyasikia huko.

Jumapili mama yake alipiga simu kutoka Ngozi, kama alivyofanya kila Jumapili. Godelive alikuwa anamsuka Annick nywele. Alisikiliza kidogo, akaninyooshea simu.

"Mwambie huyu mama amekosea namba," alisema kwa ile sauti laini. "Anamtafuta mwanawe. Namsikitikia, lakini mimi simjui."

Nikaiweka simu sikioni. Yule mama alikuwa bado anaita, "Godelive, Godelive."