Yupi Kati Yao Aliyekufa

Mwanangu wa kwanza alicheza mpira kuliko vijana wote wa mtaa wetu, na sisemi hivyo kwa sababu nilimzaa mimi. Hata waliomchukia walikuja kumtazama. Katika mji wetu wa Kindu, huku Kongo, miaka ile ya chama kimoja, Jumamosi asubuhi sote tulikuwa kwenye salongo, kazi ile ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji. Alasiri tulikuwa mpirani. Mimi niliuza vitumbua nyuma ya goli la upande wa stesheni. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulisha.

Siku moja alikuja mtu kutoka Kisangani. Timu yake ilikuwa ya kampuni kubwa. Wachezaji wake waliandikwa kama wafanyakazi, lakini kazi yao ilikuwa mpira tu, na kampuni iliwapa mshahara na nyumba. Huyo mtu alitafuta vijana wadogo wa kulelewa huko mpaka waive, wale tunaowaita kadeti. Alimtazama mwanangu mchezo mmoja, akamtaka. Kisha akauliza umri wake, na umri ulikuwa umepita.

Mambo yangeishia hapo kama si shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa kiongozi wa timu ya mtaa. Alikuja nyumbani, akala wali na sombe ya majani ya muhogo, akanieleza mpango wake huku anajifuta midomo.

Ulikuwa wakati wa kubadilisha majina. Serikali ilisema majina ya kigeni yatoke, kila mtu achukue la mababu, na vitambulisho vyote viandikwe upya. Watu walijazana komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kutwa nzima. Shemeji aliona mlango umefunguka.

Nilikuwa na mtoto wa pili, wa kiume pia. Surua ilimchukua kabla hajang'oa meno ya utoto. Tulimzika kwenye makaburi ya Mikelenge, na kaka yake, mdogo vile alivyokuwa, ndiye aliyemwagilia kaburi maji kwa kopo, akakataa kusaidiwa. Baba yao alikuwa mtu wa reli, mpenda karatasi, kwa hiyo kuzaliwa kwa wote wawili alikuandikisha. Kifo hakuna aliyekiandikisha. Zamani zile nani alikwenda ofisini kwa kifo cha mtoto? Tulimwita shehe, tukazika, tukasoma hitima. Basi kwa serikali mtoto yule alikuwa bado anaishi, na umri wake ulikuwa ule ule waliokuwa wakiutafuta Kisangani.

Shemeji alisema mwanangu achukue jina la mdogo wake, pamoja na miaka yake. Nikamwambia huo ni uwongo.

"Shemeji, hii haiko uwongo," alisema. "Kila muntu anabadilisha jina. Hata inchi imebadilisha. Hata muto umebadilisha jina, na unapita palepale."

"Muto hauna mudogo wake mwenye alikufa," nilimjibu.

Akacheka, akaniambia mimi ni mwepesi wa maneno, nitafaa kwenye mikutano ya chama. Kisha akaanza kunifundisha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwandishi wa komini ataona watoto wawili kwenye karatasi za baba, ataniuliza wako wapi. Nijibu kwamba wa kwanza alikufa kwa surua, na huyu ni wa pili. Alirudia mpaka akachoka. Mimi sikuitikia wala sikukataa, naye akaondoka akijua nimekubali. Sitasema alinisingizia. Nyumba yangu ilivuja kila mvua, na mwanangu alikuwa na miguu ambayo Mungu hampi kila mtu.

Asubuhi ya kwenda komini mwanangu aliingia jikoni, akachutama akanipulizia moto, kitu ambacho hakukifanya tangu alipoota ndevu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ni neno moja tu."

Ofisini tulimkuta mwandishi chini ya picha ya mkuu wa nchi, na yule mtu wa Kisangani amekaa karibu na dirisha, kofia juu ya goti. Mwanangu alivaa viatu vya baba yake mdogo, vimepigwa rangi vikang'aa. Kila mtu mle ndani alijua jibu kabla ya swali.

Mwandishi aliuliza nilizaa watoto wangapi. Nikasema wawili. Akauliza kama wote wanaishi. Nikasema mmoja alikufa.

"Yupi kati yao?" akauliza, na kalamu yake ilikuwa tayari kwenye karatasi.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anatazama viatu. Nilimsikia anavyopumua, alikuwa karibu namna hiyo. Shemeji alifikiri jambo lenyewe ni umri, miaka kidogo ya kupunguza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzika mtoto. Najua neno "alikufa" linavyotoka kinywani, na linavyokaa ndani baadaye. Sasa nimsemee neno hilo huyu aliyesimama mbele yangu mwenye pumzi zake? Na nikienda Mikelenge kusoma dua, pale chini nitakuwa namsomea nani?

"Wa pili," nilisema. "Ule njo alikufa. Iko Mikelenge. Huyu njo wa kwanza, na njo alimwagilia kaburi maji."

Shemeji alicheka kwa nguvu. Akamwambia mwandishi kwamba tangu kaka yake afariki, mimi nachanganya mambo, hata chumvi natia mara mbili. Mwandishi hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akasema polepole, "Mama, fikiri vizuri. Yupi?"

"Nimefikiri."

Yule mtu wa Kisangani alivaa kofia yake. Hakukasirikia uwongo, alikasirikia muda wake uliopotea. Alimwambia shemeji kwamba siku nyingine awafundishe akina mama kwanza, ndipo amwite. Akatoka.

Njiani mwanangu alitangulia, viatu mkononi. Karibu na nyumbani alinisubiri.

"Ungesema tu, Mama, kisha ungetubu."

"Na wewe ungeitikia jina la nani?"

"Lolote," alisema.

Neno hilo liliniuma kuliko kicheko cha shemeji, na mpaka leo sijalisahau.

Nafasi ile alipewa kijana wa mtaa mwingine, mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile ya kuandikishwa. Watu hupenda kusikia kwamba mtu kama huyo alivunjika mguu. Hakuvunjika. Alicheza miaka mingi, akamwezekea mama yake nyumba ya mabati, na mimi niliyaona mabati hayo kila nilipokwenda sokoni. Wanawake wenzangu walikuwa wananyanyua kitumbua changu na kuuliza, "Mama, hiki kilizaliwa jana ao leo? Sema kweli, tunakujua." Niliwajibu kimezaliwa leo, na kama hawakitaki wakirudishe.

Mwanangu alikwenda Pangi kuchimba mawe ya madini, akarudi, akapata kazi ya kubeba mizigo stesheni. Alicheza na timu ya mtaa mpaka goti likamkatalia. Aliniheshimu, alinilisha, hakupaza sauti mbele yangu hata siku moja. Lakini habari ile hatukuigusa. Hakuniambia nilifanya vizuri, nami sikumuuliza.

Alipopata mtoto wa kiume nilikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia, wakati shehe alipouliza jina. Mwanangu akalitaja la mdogo wake. Hakuwa ameniambia. Nilitoka nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka wageni walipoanza kula.

Mtoto huyo alikua haraka, akawa na miguu ya baba yake. Watu wa timu walikuja, wakasema wanamtaka kwenye timu ya wadogo, ila umri umezidi kidogo tu, baba aseme mwaka mmoja chini, nani atajua? Nilikuwa uani nachambua mchele. Mikono yangu ilisimama. Mwanangu akautaja umri wa mtoto, ule wa kweli. Walibembeleza, wakachoka, wakaenda.

Mtoto alilia sana. Alimuuliza baba yake kwa nini amemfanyia hivyo.

"Ukimaliza kulia," baba yake alisema, "wende ukaulize bibi yako."

Akaja uani, mpira kwapani, kamasi mpaka mdomoni. Niliweka ungo chini, nikaosha mikono, nikamkalisha kwenye mkeka. Nikaanza kwa kumwambia jina lake lilikuwa la nani.