Pumzi Aliyoiacha Kona Baridi

Mimi ni fundi wa magari, si mtunzi wa hadithi. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa nane mchana, jua likiwaka na tumbo langu likiwa na chai tu. Usiponiamini, shemeji yangu Wafula bado anaishi hapa Kitengela. Njoo umwone.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, vijana walipoanza kuleta magari ya turbo kutoka Japani. Wafula, aliyemwoa dada yangu Nasimiyu, alipata lake na akalipenda kupita kiasi. Siku moja akaniletea sensa ya oksijeni nimfungie. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la ekzosi, ikanusa moshi, na geji ikakuonyesha kwa nambari kama injini inapata petroli ya kutosha. Turbo ikisukuma hewa nyingi na petroli ikawa kidogo, pistoni huyeyuka, na hapo umebaki na chuma cha kuuza kwa kilo.

Nilichomelea kwenye bomba kikombe cha kuishikilia, nikakiziba kwa bolti. Sensa yenyewe sikuifunga. Kabla ya kufungwa lazima ionje hewa safi kwanza, ijue usafi ni nini, na gereji yangu ilikuwa imejaa moshi. Basi tukaamua twende Kona Baridi, kule upepo haulali, tuifunge huko, kisha tuteremke barabara ya Magadi hadi Oltepesi tukilijaribu gari.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kosa ni langu. Wateja walikuwa wamechoka kuuziwa vitu feki, kwa hivyo nilikuwa na mazoea yangu: kila sensa niliyofunga, mwenyewe lazima aipulizie kwanza. Hewa safi inasoma ishirini na moja, yaani asilimia ya oksijeni. Pumzi ya mtu inashusha hadi kumi na saba, kwa kuwa mapafu yameshachukua chao. Mteja akiona nambari inashuka, roho yake inatulia. Hakuna aliyenifundisha hayo, nilijibunia, na nilijivunia sana.

Pale Kona Baridi niliegemeza sensa juu ya boneti, nikaiacha ipate moto. Wafula akapuliza, ikashuka kumi na saba, akacheka. Tulipoinua vichwa, mwanamume alikuwa amesimama kando ya gari. Koti la kijivu, viatu vimeisha visigino. Hatukumwona akija, na pale ni wazi kabisa, ungemwona hata mbuzi akitokea. Wafula akamsalimu kwa Kimaasai, "Supa." Barabara ile hata mtoto mdogo anajibu "Ipa." Yeye aliinua mkono tu, akasema amechoka, anaomba lifti hadi Oltepesi.

Wafula alikuwa mtu wa mzaha. Akamwambia nauli ni kupulizia hii kitu.

Mtu yule akainama, akapuliza. Ishirini na moja. Akapuliza tena, karibu kabisa. Ishirini na moja. Nikapuliza mimi, ikashuka.

"Shemeji, hii yako ni feki," Wafula akanitania.

Niambie, ungefanya nini? Mtu mwenye akili angekusanya vifaa akaondoka. Mimi nilichoona ni jina langu la ufundi likiharibika mbele ya shemeji. Nikamwambia yule mtu hajui kupuliza. Naye akamgeukia Wafula, akamwambia polepole, "Nionyeshe."

Wafula akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Alipoitoa, yule mtu alikuwa ameweka uso wake katikati, kati ya mdomo wa Wafula na sensa, kinywa wazi. Geji haikusonga. Kisha yeye akainama, akapuliza. Kumi na saba.

Nilipiga makofi. Naam, niliyapiga, Mungu anisamehe. Sensa yangu ilikuwa nzima.

Yule mtu akajipapasa kifua, akafunga vifungo vya koti. "Asanteni," akasema. "Sasa nitatembea." Akashika njia ya kuteremka, mwepesi kama kijana, na hakugeuka nyuma.

Nilifunga sensa, tukaenda Oltepesi na kurudi. Gari lilikwenda vizuri mno. Jioni gerejini nikaichomoa kuangalia kama imeshika masizi, na kwa mazoea nikamwambia Wafula apulizie. Kumi na tisa. Nikasema ni upepo. Jumapili ikawa ishirini. Wiki iliyofuata ishirini na moja, na haikushuka tena hata alipopuliza mpaka jasho likamtoka. Mimi nikipuliza papo hapo inashuka.

Tulikwenda hospitali, daktari akasema mapafu ni safi. Tuliombewa kanisani. Mara tatu nilirudi Kona Baridi na sensa mkononi, nikiuliza wapita njia juu ya mtu wa koti la kijivu, mpaka wakaanza kunikwepa. Ningefanya nini zaidi? Injini ikikosa hewa najua pa kuanzia. Wafula anakula, anakwenda kazini, anacheka mizaha yake ileile, lakini kile anachovuta kinatoka kama kilivyoingia. Niliogopa, na bado naogopa.

Nasimiyu sikumwambia kitu. Lakini mwezi uliopita alinijia gerejini, akaketi juu ya tairi. "Akilala ananielekea shingoni," akasema, "na sisikii joto." Nikaokota spana, nikaifuta. "Halafu usiku ananiambia, nionyeshe unavyopumua. Mimi namwonyesha."

Basi ukiombwa lifti barabara ile, subiri mtu aitikie salamu kwanza. Na mtu akikuambia umwonyeshe unavyopumua, hata kama ni wako wa damu, funga mdomo uondoke.

Dada yangu, aliyesikia habari za sensa kwa mumewe, aliniomba nimpime. Nikamwambia sensa imeungua. Iko kwenye droo, nzima kabisa.