Bibi Ndani, Shemeji Nje

Juzi nilikwenda Tongoni kuhani msiba, na wakati wa kurudi nikamkuta kijana anakandika banda la kuku peke yake. Anabandika tonge la udongo huku nje, anakimbilia ndani kulishika, akifika tonge limekwisha anguka. Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Usinione sina adabu kwa kucheka siku ya msiba. Sisi tuliolelewa Pangani enzi zile za mkonge tunajua kwamba ukuta wa udongo haukandikwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa ndani na wa nje, kila mmoja atie tonge lake pahala pamoja, kwa wakati mmoja, yakutane katikati ya fito yashikane.

Mimi si mtu wa kujivuna, lakini kwa habari ya ukuta wa Bibi nitajivuna, nawe univumilie.

Nyumba yetu ilikuwa ya boriti na fito, imeezekwa makuti, na baraza yake ilipakwa chokaa hadi ikaumiza macho saa za adhuhuri. Bibi na Babu walinilea humo. Kila mwaka kabla ya masika walikandika upya palipobomoka, Bibi ndani, Babu nje, wakitaniana tangu asubuhi mpaka uji wa pilipili manga unapoa. "Tonge gani hilo, la kulisha kifaranga?" Babu husema. Bibi humjibu kwa tonge linalomrukia kidevuni. Nilidhani nyumba zote za duniani hujengwa kwa kelele namna ile.

Mwaka mmoja Babu akafariki kabla ya kukandika. Bibi akakaa eda, mvua zikaja, na ukuta wa upande wa kusi ukabwagika tukiwa tunakula. Tukaziba pengo kwa majamvi. Ndipo akaja mdogo wake Babu, mtu mrefu, mkali, asiyependa kubishiwa. Alisimama nyuma ya pazia, maana mwanamke wa eda haonani na wanaume wasio maharimu wake.

"Shemeji," akasema, "ukitoka eda utahamia kwangu. Hii tuibomoe. Boriti bado nzima, zitafaa."

"Aliyekufa ni nduguyo, shemeji," Bibi akajibu. "Nyumba haijafa."

"Basi na isimame kabla hujatoka. Isiposimama, nakuja na watu wa kubomoa."

Nililia siku ile. Nilijua kuwa Bibi akihamia kwa watu, mimi nitarudishwa kwa baba yangu kule mashamba ya mkonge, na hatutaonana ila sikukuu kwa sikukuu.

Bibi hakulia. Aliita msaragambo, kazi ya kusaidiana isiyo na ujira, mwenye nyumba hupika tu. Mke wa jirani ndiye aliyezunguka mji kualika. Hazikukosekana ndimi za kunong'ona, ati mwanamke wa eda kushika udongo ni kukosa haya. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akaulizwa. Akasema mtu hakatazwi kazi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na maneno yakaishia hapo.

Basi walikuja! Nilikuwa na hofu watakuja watu wa kuhesabika, lakini ua ulijaa. Sisi watoto tulikanyaga udongo mwekundu mpaka magotini, na harufu yake ikachanganyika na mchuzi wa papa wa nazi. Bada, ugali wa muhogo, lilisongwa katika sufuria la kupikia arusini. Wanawake waliingia ndani, wanaume wakapanga safu nje, kila mmoja na mwenzake, nyimbo zikaanza. Bibi alijitanda ushungi, akashika pale alipopashika miaka yote.

Mbele yake, upande wa nje, hapakuwa na mtu. Hawakupatana kupaacha. Ni mahali pa Babu tu, kila mwanamume aliona haya kupakanyaga. Bibi akatupa tonge. Likapenya fito likaanguka nje, pu! Akachota jingine, nalo likaenda vilevile. Nyimbo zikafa. Yeye akainama akachota tena, na mimi nikatamani ardhi inimeze kwa uchungu wa kumtazama.

Yule shemeji alikuwa barabarani, mikono nyuma, amekuja kutazama kama watu watatokea. Nilimwona kwa kati ya fito. Akavua kanzu, akaitundika kwenye mpapai, akabaki na msuli na fulana. Akaja akasimama mahali pa nduguye. Tonge likaja, akalikuta kwa la kwake. Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima yule, matope mpaka viwikoni.

"Tonge gani hili, shemeji," akasema, "la kulisha kifaranga?"

Bibi akacheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike Babu. Ukuta ukapanda baina yao, ukaziba vidole, ukaziba nyuso, mpaka zikabaki sauti tu.

Alipotoka eda, Bibi aliizunguka nyumba nzima, kichwa juu, akapapasa kazi ya shemeji yake. "Kapapasa kama anayeosha bata," akasema, lakini hakuruhusu mtu alainishe. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Kila mwaka kabla ya masika shemeji alifika bila kuitwa, na kelele zikawa zilezile.

Siku hizi kiwanja kile kina nyumba ya matofali, imara, siisemi vibaya. Fito hazikatwi, udongo mwekundu hauchimbwi, na neno msaragambo wajukuu wangu wanalicheka. Yote hayo yamekwenda, na yananiuma, sitakudanganya.

Lakini kabla hayajaenda, ulifika mwaka ambao shemeji naye hakuwepo tena. Mimi nilikuwa mke wa mtu, nimekuja kutoka Korogwe. Bibi, macho yamekwisha kumpotea, aliingia ndani na beseni lake la udongo. Nikazunguka nje.

"Nani yuko nje?" akauliza.

"Ni mie, Bibi."

Akachota tonge. "Basi simama sawasawa," akasema. "Hapo si mahali pa mchezo."