Baromita ya Baba

Baba alikuwa na ugonjwa wa vitu vya ajabu. Kwa mzee mmoja wa Nachingwea, aliyewahi kuwapikia Wazungu wa ule mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni, alipata baromita ya shaba, chombo cha kubashiri hali ya hewa, kubwa kama sahani ya pilau, yenye kioo na mshale. Kwa mwenye duka mmoja wa Ruangwa aliyekuwa akifunga biashara, alipata simba wawili wa kauri wa Kichina, wamekenua meno kama mashemeji waliokosa nyama. Mama aliwageuza wakatazama ukuta, wageni wasije wakapoteza hamu ya kula.

Mshale wa baromita ulikuwa umeganda kwenye alama ya mvua. Kila asubuhi Baba alivaa koti, akagonga kioo kwa kidole, akakohoa, kisha akautangazia mtaa: leo mvua. Mwezi wa nane, jua linapasua ardhi, yeye leo mvua. Wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa walimwamini wiki nzima, kwa adabu ya ugeni. Masika yakiingia, Baba alipita nyumba kwa nyumba kudai heshima yake.

Alipofariki, mwaka juzi, tanga lilikuwa halijaondolewa na kaka yangu alikwisha kukubaliana na mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Dar. Kaka alisema chombo kibovu hakitufai, na huko mjini wapo watu wanaokusanya. Nilikasirika, na hasira ile ikaniziba hata machozi. Nilitaka baromita ibaki ukutani pale pale. Lakini mtoto wa kike, tena aliyeolewa Ruangwa, nani angemsikiliza?

Mnunuzi alifika siku yenyewe ya kuondoa tanga, viatu vinameremeta, akaanza kuwapapasa wale simba matumboni akitafuta mihuri ya Kichina. Kisha akainua macho ukutani. Baromita haikuwapo.

Ilikuwa kwa mtani wa Baba. Kwetu watani ndio wenye msiba: wanapika, wanatukana, wanachukua wakitakacho, wanamwigiza marehemu, na kumkasirikia mtani ni aibu. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alitoka chumbani amevaa koti la Baba, baromita kifuani, akamsukuma mnunuzi kwa nyonga.

"Pisha, kijana. Unatuzibia mawingu!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa roho mbaya kabisa. Mtani akagonga kioo. Akakohoa kikohozi chenyewe cha Baba, kikavu, chenye majivuno.

"Leo mvua! Nani kaanika mihogo nje?"

"Mimi, Baba," nikajibu. "Naenda kuitoa."

Mdomo ulikwisha kusema kabla sijajua ninasema nini. Ndipo nikalia, kwa sauti, kamasi na yote, na mtani akanishika bega bila kuvua lile koti.

Mnunuzi, maskini, alidhani mchezo umekwisha. Akafungua mfuko wake akaomba sasa aiangalie vizuri hiyo baromita. Kaka akawachukua wale simba, akampachika mmoja kila kwapa.

"Hiyo haiuzwi," alisema. "Mzee bado anaitumia."