Nilifungiwa dukani Mpanda nikipima atomu moja iliyoko ng'ambo

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni binti wa Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, nasoma PhD nje ya nchi. Napima transista ndogo mno za silikoni. Ndani huwa kuna atomu ya fosforasi, na ukiipoza sana, umeme unapita kwenye atomu hiyo elektroni moja moja. Kwenye grafu inatokea kama kilele.

Mimi nilikuwa na vilele viwili. Sura nzima ya thesis ilisema ni atomu moja: imebeba elektroni ya kwanza, kisha ya pili.

Mama akafanyiwa upasuaji, nikarudi kumuuguza.

Ijumaa moja mwenzangu wa maabara, Luis, akapiga simu. Mtambo wa baridi unavuja, lazima uzimwe leo. Na transista yangu iliyomo ndani ikishapata joto, hairudi ilivyokuwa.

Kilibaki kipimo cha sumaku. Vilele vikiachana, ni atomu moja. Vikienda upande mmoja, ni atomu mbili tofauti. Tukakubaliana yeye apambane na pampu, mimi niendeshe kipimo kwa laptop kupitia intaneti.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Nikachukua boda hadi mjini kwa Mzee Hamadi, muuza spea za baiskeli, ana sola na intaneti nzuri. Nikamkuta anafunga aende msikitini.

Nikamweleza kwa kifupi. Akauliza, "Kikiharibika kinatengenezeka?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa ndani. Nafunga kwa nje."

Joto, harufu ya raba, mwanga ni wa laptop tu. Sumaku hupandishwa taratibu, huwezi kuharakisha. Luis ananiandikia helium, ile ya kupozea, inaisha. Mtandao ukakata, nikabaki nimeikodolea macho skrini iliyoganda. Ukarudi.

Kilele cha kwanza kikasogea kushoto. Nikaomba Mungu cha pili kiende kulia.

Kikaenda kushoto.

Nikarudia. Kushoto tena. Luis akauliza tuzime? Nikamjibu zima.

Mzee alipofungua akauliza kama kimepona. Nikamwambia, "Kimefanya kazi, mzee. Ila ni mbili, si moja."

"Kwani mbili ni mbaya?"

Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikampigia supervisor kabla sijapata muda wa kujishauri vinginevyo. Akasema niandike nilichokiona.

Sasa naandika sura upya, pembeni ya kitanda cha mama. Anaendelea vizuri.

Nilichojifunza: kipimo unachokiogopa, kifanye wewe kabla hajakifanya mwingine.

Nyie ambao kazi yenu iliwahi kuwageuka karibu na mwisho, mlianzia wapi kuijenga tena? Nawasoma.