Kiti cha Mlezi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Muuza mkaa, mwalimu wa chekechea, hata wenye nyumba ya wageni waliomletea mashuka ayafue, wote walimwita Alto, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili aliimba sauti hiyo kwenye kwaya, safu ya pili, wa tatu kutoka mlangoni. Alikuwa mjane, na watoto walishakuwa na miji yao. Nyumbani alikuwa na karai, kamba na pasi. Watu alikuwa nao kwenye kwaya.

Mwaka jana akapasuliwa uvimbe shingoni. Uvimbe ukaondoka, na sauti ikaondoka nao. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Daktari akasema itarudi. Madaktari nao wana maneno yao ya kumsindikiza mtu mlangoni. Miezi ikapita, haikurudi.

Mwingine angeaga kwaya. Alto akajikaza kisabuni, akaenda mazoezini kama kawaida, katika lile darasa ambalo madawati husukumwa ukutani kila Jumamosi, akasimama pale pale, akawa anafungua mdomo na kufumba. Usiniulize kama ni sawa. Maneno aliyajua yote, pumzi alivuta pale wenzake walipovuta, na mabega yao yalipomgusa alijiona bado yumo. Aliyejua siri ni mmoja tu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyesimama kushoto kwake.

"Usijali, wifi," alimwambia. "Mimi nitaimba yangu na yako."

Mambo yakaenda hivyo, mpaka mwalimu wa kwaya alipoanza kuwaandaa kwa mashindano. Mwalimu huyu ana mtindo wake: akishuku kuna sauti inapotea, huwaambia wote waendelee kuimba, naye hupita safu kwa safu akiinamisha sikio mdomoni kwa kila mtu. Anasikiliza, anakwenda kwa mwingine.

Jumamosi ile akaanza na safu ya pili. Alto alipomwona anakuja, miguu haikuwa na pa kwenda. Akajaribu kusukuma sauti, ikatoka pumzi tupu. Sikio la mwalimu likakaa mbele ya mdomo wake muda mrefu kuliko kwa wengine. Wifi akapandisha sauti mpaka mishipa ikamsimama. Mwalimu akainuka, hakumtazama usoni, akaenda kwa mwingine.

Wangemfukuza, afadhali. Angelia, angenuna, watu wangemwonea huruma, yangekwisha. Lakini kwaya ile ina watu waungwana. Wiki iliyofuata mwenyekiti akasimama, karatasi mkononi, akatangaza kwamba kamati imemchagua Alto kuwa mlezi wa kwaya.

"Mama yetu ametutumikia sana," alisema. "Sasa apumzike. Siku ya mashindano atakaa mbele na wageni, kwenye kiti chake."

Makofi yakapigwa. Akavishwa shada la maua shingoni, juu ya kovu. Alimtazama wifi yake, akamkuta anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Alto akafungua mdomo aseme hataki. Sasa utakataaje heshima mbele ya watu arobaini, tena huna sauti? Akatabasamu. Kabla hajatoka, mtunza sare akamwomba kwa adabu gauni lake, maana amepatikana binti mwenye mwili kama wake.

Siku ya mashindano akakaa mbele, kiti chenye mto, ubavuni kwa mgeni mmoja, mama wa makamo aliyevaa miwani. Kwaya ikapanda jukwaani. Alto akaisikiliza safu ya pili, akitafuta pengo lake, hata pengo dogo tu, la kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo. Hakulipata. Waliimba vizuri kuliko mwaka wowote. Hilo lilimuuma kuliko yote, kisha akaona haya kwamba linamuuma.

Mgeni akamwinamia. "Wanaimba vizuri hawa. Unawafahamu?"

"Ni wenzangu," akasema Alto.

"Unasemaje?"

"Ni wenzangu."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama tunavyomwitikia mtu ambaye hatukumsikia, akageuka kutazama jukwaa.