Kikao Ambacho Hakuna Aliyekuwa na la Kuongeza

Kaa hapa karibu nikueleze kazi yangu, maana kila nikisema nafanya kazi katika baraza la juu la bunge, watu hudhani napiga kura. Sipigi. Wala sisemi. Kazi yangu ni kupanga nani aseme, juu ya kifungu gani, kwa dakika ngapi, na nani amfuate. Waheshimiwa wakisifiwa kwa hekima yao, mimi hufurahi kimya kimya, kama mpishi anayesikia wageni wakimsifu mwenye nyumba.

Wala si kazi ngumu ukishaielewa. Mswada ukipita katika baraza la waliochaguliwa, huletwa kwetu. Mwenyekiti anasoma kifungu. Mjumbe anayetaka kusema anabonyeza kitufe, jina lake linatokea kwenye kompyuta yangu, nami namwandalia mwenyekiti orodha. Wasemaji wakimalizika, kifungu kinafungwa. Kikishafungwa, kinaweza kufunguliwa tena kwa njia moja tu: mjumbe aombe kabla ya kura ya mswada mzima. Baada ya kura hiyo, hata akilia hakifunguki.

Hizo ndizo kanuni. Lakini kuna jambo jengine ambalo halimo ndani yake, na bila ya hilo hutafahamu kilichotokea. Sisi hapa Maskati, mgeni akiingia huulizwa khabari, na jawabu ni kuwa hakuna khabari, kheri tu. Khabari yenyewe hungoja kahawa. Ami yangu alikuja kwetu siku moja baada ya mvua kubwa. Tukamuuliza khabari. "Hakuna khabari, alhamdulillahi." Akala tende, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonesha ametosheka, ndipo akasema, "Gari yangu imechukuliwa na maji ya wadi, kule bondeni." Hakuna aliyeona ajabu.

Waheshimiwa wetu wameingia na adabu hiyo mpaka ukumbini. Mjumbe akipewa nafasi hutoa salamu, humshukuru mwenyekiti, huishukuru kamati, kisha hutamka: "Waliotangulia wamesema yote, nami sina la kuongeza." Hapo ndipo hotuba yake inapoanza. Sisi wa ofisini tunajua. Maneno hayo tunayahesabu kuwa ni mlango, na dakika zake tunaanza kuzihesabu akishaupita.

Sasa siku hiyo tulikuwa na mswada wa kuwatunza wagonjwa na wazee majumbani. Kifungu kimoja kilimpa mfanyakazi likizo yenye mshahara akiwa anamuuguza "mzazi wake". Kabla ya kikao, mjumbe mmoja alinisimamisha kwenye ukumbi wa mbele. Ni mama wa watu wa Unguja, daktari mstaafu, na tukiwa wawili huniacha na Kiarabu changu cha ofisi akanisemesha Kiswahili.

"Mwanangu, nna neno langu kwenye kifungu cha likizo. Umeona wameandika mzazi tu?"

"Nimeona, mama."

"Mimi na mdogo wangu tumelelewa na shangazi. Sasa shangazi hajui usiku hajui mchana, na anayemuosha na kumlisha ni huyo mdogo wangu. Anakaa Amerat, kazi yake iko Khuwair, ng'ambo ya milima. Likizo zake zote zimekwisha. Mkubwa wake wa kazi kamwambia, nakungojea mpaka sheria hii itoke, ikitoka na wewe huna haki ndani yake, basi uchague, kazi au nyumba. Na sheria ikipita hivi ilivyo, shangazi si mzazi."

"Basi mtie shangazi ndani ya kifungu, mama."

"Nitamtia. We nipe nafasi tu. Usiniweke mwisho nikaja kusema na viti vitupu, watu washakwenda kutawadha."

Nikamweka katikati, mahali pazuri, pale ambapo watu washaamka na njaa bado haijawaingia.

Mwenyekiti alikuwa safarini, kwa hivyo aliyekalia kiti ni naibu wake. Huyu alitumia umri wake kupakia na kupakua mizigo bandarini, yaani kuwaamrisha wapakiaji, na ukoo wao umerudi Oman kutoka Tabora, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha bara. Aliniita asubuhi. "Ndugu yangu, leo tunamaliza kabla ya adhuhuri. Mtu akisema amemaliza, amemaliza." Nikaitikia kwa heshima. Nilidhani ni nia njema tu, kama ile ya mtu anayesema kesho ataacha sukari.

Tulipofika kwenye kifungu cha likizo, msemaji wa kwanza alitoa salamu, akashukuru, akasema waliotangulia wamesema yote, ingawa hakuna aliyemtangulia, na kwamba hana la kuongeza. Akavuta pumzi aanze.

"Shukran, mheshimiwa," akasema naibu. "Anayefuata."

Kipaza sauti kikazimwa. Mheshimiwa akabaki mdomo wazi, pumzi yake ameishika.

Utasema wa pili angejifunza. Wa pili alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alisalimu, akashukuru, akasema hana la kuongeza, akazimwa. Wa tatu akawa na adabu kuliko hao wawili, na yeye akazimwa mapema zaidi. Walikwenda hivyo, mmoja mmoja, kila mtu anamuona mwenzake anavyoanguka shimoni na kila mtu anatembea kwa heshima kuelekea shimo lile lile. Zamu ya mama ilipofika nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Alikwisha kuelewa, nilimuona. Lakini ulimi ulikwenda wenyewe. "...nami sina la kuongeza." Taa ya kipaza sauti chake ikazimika.

"Kuna mwenye neno jengine?" naibu akauliza.

Kimya. Bila shaka kimya! Mtu akikaribishwa chakula mara ya kwanza hakubali, sembuse kukaribishwa kusema. Na kumlalamikia mwenyekiti mbele ya watu, nani angefanya utovu huo? Kifungu kikafungwa. Vifungu vilivyobaki vikapita kama gari kwenye barabara tupu ya Ijumaa asubuhi, na hata saa tano haijafika imebaki kura ya mswada mzima.

Mimi sina ruhusa ya kusema. Ila nina ruhusa ya kumpelekea mwenyekiti kikaratasi kuhusu mpango wa kikao. Nikaandika kuwa kahawa iko tayari na itapoa. Haukuwa uongo, kwetu kahawa iko tayari siku zote. Naibu akasoma, akatazama saa, akautazama ukumbi. Mtu huweza kuwanyima watu nafasi ya kusema. Kuwanyima kahawa ni jambo jengine. Akatoa mapumziko mafupi.

Mama alimfuata mpaka kwenye sinia ya halua.

"Mheshimiwa, nyinyi watu wa Tabora, mji wa reli, adabu mlifunzwa na nani? Na treni?"

"Dada yangu, umesema mwenyewe huna la kuongeza. Ulitaka nikuongezee mimi?"

"Kila mtu husema hivyo!"

"Basi mimi nimemwamini kila mtu. Kosa langu liko wapi?"

Wajumbe waliokuwa karibu wakacheka, na naibu akacheka nao, akaenda zake na kikombe chake. Nikamsogelea mama, nikamwambia kifungu bado chaweza kufunguliwa. "Bonyeza kabla hajaita kura. Lakini usianze kama ulivyoanza."

"Niwaingilie na haja yangu mkononi, kama mtu aliyekuja kudai? Wataniona sikufunzwa."

"Salamu toa, mama. Lile jengine liache."

Akakitazama kikombe. "Unajua aliyenifunza ni nani? Ni huyo huyo shangazi. Alikuwa akinifinya hapa kwenye mkono, nikisema nilichokifuata kabla watu hawajanywa kahawa."

"Basi leo washakunywa," nikamwambia.

Tuliporudi, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye kompyuta yangu, na la pekee.

"Assalamu alaykum," akasema. "Mimi nina la kuongeza."

Mzee aliyekaa mbele yake aligeuka mzima mzima na kiti chake. Mwengine alishika kilemba, kana kwamba umepita upepo. Hata naibu, aliyekuwa tangu asubuhi akitaka mtu aseme anachokikusudia, alishtuka.

"Naomba kifungu cha likizo kifunguliwe. Palipoandikwa 'mzazi wake', paandikwe 'mzazi wake au aliyemlea'. Nimemaliza."

Naibu alikuwa na kidole juu ya kitufe na hakupata cha kuzima. Ikabidi aulize ukumbi. Mjumbe mmoja akataka kujua, malezi yatathibitishwa vipi, maana hayana cheti.

"Waulize majirani," akasema mama. "Nchi hii nani asiyejua nani kamlea nani?"

Wakacheka, wakainua mikono, kifungu kikabadilishwa, mswada ukapita. Adhuhuri ilitukuta tumekwisha kumaliza, na naibu mpaka leo anakisimulia kikao kile kama ushahidi wa uongozi wake. Kilichofuata hakisimulii. Kikao cha baadaye kila mjumbe alianza kwa kutangaza kuwa yeye analo la kuongeza, kisha akarudia aliyoyasema mwenzake, na tulitoka alasiri.

Mswada ulikwenda juu kutiwa sahihi, ukakaa, ukarudi ukiwa sheria, na neno la mama limo. Mdogo wake aliniletea ombi lake la likizo nilitazame kabla hajalipeleka kwa mkubwa wake. Lilikuwa kurasa mbili. Ya kwanza yote ilikuwa salamu, dua na shukrani, na shangazi alitokea chini ya ukurasa wa pili, karibu na sahihi. Tulikaa tukaligeuza pamoja, shangazi akapanda juu na salamu zikashuka chini, na likizo aliipata. Kwa hivyo na wewe, ukimwandikia mkubwa wako wa kazi, mstari wa kwanza andika unaomba nini na kwa ajili ya nani, kisha ndipo uandike salamu.